Mahakama ya Kadhi Bara: muswada haukushindwa, uliondolewa

Sisi wa visiwani tuna Kadhi anayetambuliwa na sheria. Lakini binti yetu akiolewa Dar es Salaam, talaka au mirathi yake huishia mahakama za kawaida, kwani uamuzi wa Kadhi wa BAKWATA hauna nguvu ya dola.

Wengi hudhani suala hili liliangushwa kwa kura Bungeni. Sivyo. CCM ililitaja katika ilani yake ya mwaka 2005. Mwaka 2015 muswada wenye vifungu vyake ukafika Dodoma, ukaahirishwa, kisha ukaondolewa kwenye shughuli za Bunge. Hakuna mbunge aliyelazimika kusema ndiyo wala siyo, na kwa hiyo hakuna wa kuulizwa na wapiga kura wake.

Ratiba ya Bunge hupangwa na Kamati ya Uongozi chini ya Spika, na muda mwingi ni wa miswada ya Serikali. Serikali ikiwa na haraka huja na hati ya dharura: mwaka 2017 sheria za madini na rasilimali zilipita ndani ya siku chache. Isipokuwa na haraka, muswada hulala, hata ukiwa wa ahadi ya uchaguzi.

Mbunge naye anaweza kuleta muswada binafsi. Ibara ya 99 ya Katiba inamfungia njia ya kugusa fedha za Serikali bila pendekezo la Rais, basi asiombe mishahara ya makadhi. Aombe hukumu zao zitambuliwe tu. Wabunge wetu wa visiwani nao wanakaa Dodoma.