Tusimpime Mtoto kwa Macho ya Wengine

Mwezi mpevu unapochomoza baharini kule Diani huonekana mkubwa kama sinia. Ufikapo utosini umekuwa kisahani. Ilhali ukiupima, ukubwa ni ule ule. Ubongo ndio uliotuchezea. Wahenga wetu hawakungoja maabara ili kulitambua jambo hili. Walitupa maneno kiinimacho na mazingaombwe, kwani walifahamu kwamba kuona si kupokea tu, bali ni kufasiri. Ikiwa ni hivyo, basi yatupasa kuuliza ni nani anayemfasiria mtoto wa Kwale anapopimwa akili kwa picha.

Mnamo 1960 William Hudson alichapisha utafiti alioufanya Afrika Kusini. Watu walionyeshwa mchoro wa mwindaji, paa na ndovu, naye ndovu amechorwa mdogo kuashiria umbali. Wakaulizwa ni mnyama yupi aliye karibu na mwindaji. Waliomtaja ndovu walihesabiwa kuwa hawaoni kina katika picha. Mtoto wa Shimba Hills, aliye jirani ya ndovu hai, angeweza kuukosa mtihani huo kwa kutozoea desturi za mchoraji, wala si kwa upungufu wa akili.

Mizani iligeuka mwaka wa 1966, Segall, Campbell na Herskovits walipochapisha matokeo ya kuzilinganisha jamii nyingi, wakiwemo Wanyankole na Watoro wa Uganda. Waliwaonyesha mistari miwili, mmoja ukiwa na ncha zilizokunjwa ndani na mwingine nje, wakawauliza upi ni mrefu. Wamarekani wa Evanston ndio waliodanganyika zaidi. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu sababu, lakini sijasikia Wamarekani hao wakiitwa wajinga.

Yamkini msomaji atasema kwamba siku hizi kuna mashine za kunasa umeme wa ubongo, nazo hazina upendeleo. Nami kama mwanaisimu namkumbusha utafiti wa mwaka wa 2009. Wagiriki wana majina mawili ya msingi ya buluu, iliyokoza na iliyopauka. Waingereza wana moja. Mashine ilionyesha kwamba, katika muda wa kama humusi ya sekunde, ubongo wa Wagiriki ulizitenga buluu hizo kwa namna ambayo ule wa Waingereza haukufanya, ingawa hakuna aliyeulizwa lolote kuhusu rangi. Usione vyaelea, vimeundwa. Na lugha ya mama ni mmoja wa mafundi.

Kwa hivyo, naonelea kwamba yeyote aletaye Msambweni au Kinango mtihani wa picha, uwe wa shule au wa zahanati, hana budi kuujaribu kwanza kwa Kidigo na Kiduruma, na kwa michoro ambayo wenyeji wameizoea. Tangu 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Vipimo navyo vifuate njia hiyo. Mtoto akikosa jibu, tulichunguze swali kabla ya kumhukumu.