Mbuzi mwenye mimba asiachiwe kiangazi

Kwa wafugaji wengi wa Kakonko, Kibondo na Kasulu, mbuzi ndiye benki. Ada ya shule ikidaiwa au mgonjwa akipelekwa hospitali, mbuzi huuzwa. Hivyo jike mwenye mimba ya mapacha akifa, mwenye mali amepoteza mbuzi watatu kwa mpigo.

Si ajabu kusikia lawama zikipelekwa kwa nyoka, majani yenye sumu au uchawi. Lakini ipo sababu iliyo karibu zaidi, nayo ni upungufu wa sukari mwilini.

Mbwa mwenye mimba huweza kupata kisukari, kwa kuwa homoni za mimba huzuia insulini kufanya kazi na sukari hupanda kwenye damu. Kwa mbuzi mambo ni kinyume. Mimba yake huchukua siku 150 hivi, na watoto hukua zaidi katika wiki sita za mwisho. Hapo huhitaji sukari nyingi, huku tumbo la mama likiwa limebanwa na hawezi kula sana. Sukari ikishuka, mwili huyeyusha mafuta yake kupita kiasi na mabaki yake huwa sumu. Jike aliyekonda yumo hatarini, na aliyenona mno vilevile.

Mbuzi huyo hujitenga, hukataa kula, husaga meno na kuyumba kama kipofu. Akishalala chini, ni vigumu kumwokoa. Kumnywesha maji ya sukari hakutoshi, maana huchachuka tumboni. Daktari wa mifugo aitwe mapema ampe glukosi kwa sindano.

Kinga ni nafuu kuliko tiba. Mvua za ukanda huu hukatika Mei na kurudi Oktoba. Beberu anayezurura mwaka mzima hupandisha Machi, na jike huzaa Agosti nyasi zikiwa zimekauka. Akitengwa na kuruhusiwa Juni au Julai, watoto watazaliwa Novemba au Desemba, majani yakiwa tele.

Jike ambaye tayari ana mimba kiangazi aongezewe majani ya viazi vitamu, mabaki ya maharage na pumba ya mahindi, kidogo kidogo, pamoja na maji ya kutosha. Asifungwe kamba mahali pamoja kutwa nzima.

Maofisa mifugo, mbali na chanjo na dawa za minyoo, hawana budi kufundisha lishe ya mimba. Nao wafugaji waweke akiba ya chakula. Anayeuza pumba yote Juni asimlaumu mchawi Agosti.