Wastani wa Nani? Istilahi za Takwimu na Uchambuzi wa Biashara Kandokando ya Ziwa Victoria

1.0 Utangulizi

Usagara ni njia panda katika Wilaya ya Misungwi, kusini mwa jiji la Mwanza. Barabara moja huelekea Shinyanga na kuendelea hadi Dodoma na Dar es Salaam. Nyingine hushuka Kigongo, ambako tangu Juni 2025 daraja limechukua nafasi ya kivuko na kuiunganisha Misungwi na Sengerema na Geita. Hapo hupita magunia ya dagaa, samaki wabichi walioshindiliwa barafu, mpunga na pamba. Pamoja na shehena hizo hupita kitu kingine kisichoonekana kwa macho, yaani takwimu: idadi ya magunia katika vitabu vya ushuru, kilo za sangara katika hesabu za viwanda, na mapato ya wakopaji katika kompyuta za benki. Mtu anayezikusanya takwimu hizo, akazifupisha na kuzichora ili mwenye fedha apate kuamua, ndiye mchambuzi wa biashara.

Makala haya yanadai kwamba kasoro nyingi za kazi hiyo hazianzii katika kompyuta wala katika hisabati. Huanzia katika lugha, na hasa katika neno moja ambalo kila mtu hudhani analielewa: wastani. Madhumuni si kuwafundisha wachambuzi hesabu. Ni kuonyesha kwamba istilahi isiyopambanuliwa humgharimu mtu fedha, na kwamba mara nyingi mtu huyo ni yule asiyekuwapo wakati taarifa inaandikwa.

2.0 Neno moja, vipimo vitatu

Neno wastani limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya katikati. Katika matumizi ya kila siku maana hiyo ingalipo: mtu wa kimo cha wastani si mrefu wala si mfupi, na maisha ya wastani si ya anasa wala ya dhiki. Msemaji wa kawaida akisikia wastani humwona mtu aliyesimama katikati ya wenzake. Mchambuzi, kwa upande wake, hujumlisha thamani zote na kuzigawanya kwa idadi yake. Anachokipata ni kiasi ambacho kila mmoja angepewa lau jumla ingegawanywa sawasawa. Mgawo huo si lazima uwe katikati, na pengine haumhusu mtu yeyote.

Na ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kwamba katika mwalo mmoja kuna mitumbwi kumi, na kwamba mapato yake ya siku, kwa maelfu ya shilingi, ni 20, 25, 30, 35, 40, 40, 45, 50, 55 na 660. Jumla ni 1,000, hivyo mgawo sawa ni shilingi 100,000. Thamani iliyo katikati ya safu ni 40,000, na thamani inayojirudia zaidi ni hiyo hiyo 40,000. Mitumbwi tisa kati ya kumi haifikii hata sehemu sita za kumi za kile kinachoitwa wastani. Sasa benki ikiambiwa kwamba wastani ni 100,000, ikaona ni busara kudai marejesho ya 50,000 kwa siku, mitumbwi saba haitaweza kulipa hata ikitoa yote iliyoyapata, na wa nane utalipa ukabaki mtupu. Hesabu ilikuwa sahihi. Kilichopotoka ni neno lililoibeba.

Kosa hilo lina upande wa pili, ambao hautazamwi mara kwa mara. Katika hojaji nyingi mvuvi huulizwa: 'Kwa wastani unapata shilingi ngapi kwa siku?' Naye hujibu kwa maana ya wastani aliyonayo yeye. Huitafuta siku ya kawaida, huacha usiku wa bahati kubwa, huacha pia siku ambazo hakuingia ziwani, kisha hutaja kiasi kinachomjia kila mara. Mchambuzi hulipokea jibu hilo kana kwamba ni mgawo wa hesabu na kulizidisha kwa 30 ili apate mapato ya mwezi. Ikiwa mvuvi ametaja 40,000, na kwa kweli huvua siku 20 tu, mchambuzi ataandika 1,200,000 mahali penye 800,000. Hakuna aliyedanganya. Watu wawili wametumia neno moja kwa maana mbili, na karatasi ikaandika maana ya tatu.

Ni vema ikumbukwe kwamba Kiarabu chenyewe, ambako neno hili lilitoka, kimekwisha kuzipambanua dhana hizi. Kutokana na mzizi ule ule hupatikana al-wasat al-hisabi kwa mgawo wa hesabu na al-wasit kwa thamani ya katikati. Kiswahili kilipokea tawi moja la mti huo na kulibebesha matunda yote.

3.0 Mtawanyiko na siku mbaya

Hata wastani ukipambanuliwa, hauwezi kusimama peke yake. Kabla ya daraja, mfanyabiashara aliyefika Kigongo na samaki wenye barafu hakunufaika sana kwa kuelezwa wastani wa muda wa kungoja kivuko. Alihitaji kujua siku mbaya ilikuwa mbaya kiasi gani, kwani barafu huyeyuka kwa saa za siku ile na si kwa saa za wastani. Vituo viwili vyaweza kuwa na wastani mmoja wa kungoja, lakini kimoja kikawa na siku zinazofanana na kingine kikawa na siku njema sana na siku za hasara. Kipimo cha tofauti hiyo ni mtawanyiko, na taarifa ya biashara isiyoutaja imeacha nusu ya habari.

Mwaka 1973 mtaalamu wa takwimu Francis Anscombe aliionyesha hoja hii kwa namna ambayo haijasahauliwa. Alitunga mafungu manne ya takwimu, kila fungu likiwa na jozi 11. Wastani wa mafungu hayo ulilingana, mtawanyiko ulilingana, na hata uhusiano wa vigezo viwili ulilingana. Alipoyachora, michoro minne haikufanana hata kidogo: mmoja ulifuata mstari, mwingine ulipinda, na miwili iliyobaki ilipotoshwa na nukta moja moja iliyokaa mbali na nyingine. Kwa hiyo mchoro si pambo la taarifa; ni sehemu ya uchunguzi wenyewe.

4.0 Mchoro una sarufi yake

Inafaa kukumbuka pia kwamba grafu ilizaliwa katika masuala ya biashara. William Playfair, katika kitabu alichokitoa London mwaka 1786, alichora mistari ya bidhaa zilizoingia na zilizotoka Uingereza ili msomaji aone kwa mtazamo mmoja kile ambacho jedwali lilikificha. Tangu hapo mchoro umekuwa usemi, nao una kanuni kama usemi wowote. Una kiima, yaani kitu kinachopimwa; una kiarifu, yaani kinachosemwa juu ya kitu hicho; tena una wakati na mahali. Mchoro usiotaja kipimo chake ni sentensi isiyo na kiima. Nguzo za grafu zisizoanzia sifuri ni sawa na kauli iliyotiwa chumvi: ongezeko la sehemu ndogo huonekana kama maradufu.

Mifano mitatu ya Kanda ya Ziwa yatosha kuonyesha uzito wa kanuni hizi.

Mfano wa kwanza ni wa wakati. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapowaka wavuvi wengi hupumzika, kwani taa hazivuti tena. Biashara ya soko la Kirumba Mwaloni hupanda na kushuka kwa mwendo huo wa siku 29 na nusu. Mchambuzi anayelinganisha wiki hii na wiki iliyopita aweza kuandika kwamba biashara imeporomoka, kumbe ni mwezi tu umekuwa mpevu. Akichora nguzo za miezi ya kalenda peke yake, wimbi lote litafichika, na mwenye kukopesha hatajua kwamba kuna siku ambazo mkopaji hana chochote mkononi. Ulinganisho wa haki ni wa giza kwa giza. Na si ajabu kwamba kwa Kiarabu neno lililotupa takwimu lina maana ya kalenda: wavuvi wa dagaa hawajawahi kuvitenga vitu hivyo viwili.

Mfano wa pili ni wa mahali. Sensa ya mwaka 2002 iliupa Mkoa wa Mwanza zaidi ya watu milioni 2.9, sensa ya 2012 iliupa watu 2,772,509. Mwenye kuchora mistari kwa haraka ataonyesha mkoa unaokimbiwa na watu, na pengine atamshauri mwenye duka asifungue tawi. Ukweli ni kwamba mwaka 2012 uliundwa Mkoa wa Geita, uliochukua sehemu ya Mwanza. Watu hawakuhama, ulihama mpaka. Kufikia sensa ya 2022 Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 3,699,872, ongezeko la theluthi moja kwa miaka kumi. Neno Mwanza katika miaka 2002 na 2012 halikutaja kitu kimoja, na mchoro usiolisema hilo huwa umekosea hata kama kila tarakimu ni halali.

Mfano wa tatu ni wa kipimo. Gunia la dagaa au la mpunga si gunia moja kila mahali. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa hadi likafungwa kilemba, huhesabiwa moja sawa na gunia la kawaida, ilhali uzito wake ni mwingine. Grafu ya idadi ya magunia yaweza kuonyesha mavuno yaliyopungua pale ambapo mkulima ametoa mazao yale yale katika magunia machache yaliyozidishwa. Hapo hasara ya mkulima huingia katika takwimu ikiwa imevaa sura ya uvivu wake. Mchambuzi hana budi kuuliza kilo kabla ya kuchora magunia.

5.0 Pingamizi na majibu yake

Yaweza kudaiwa kwamba wachambuzi husoma kwa Kiingereza na huandika taarifa zao kwa Kiingereza, hivyo Kiswahili hakihusiki. Dai hili lina ukweli nusu. Katika shule nyingi za msingi za serikali mwanafunzi hujifunza wastani na grafu kwa Kiswahili. Akifika sekondari hukutana na vipimo vitatu kwa Kiingereza, na tangu hapo elimu yake ya takwimu hukatika mapande mawili. Hata hivyo takwimu zenyewe hutoka katika vinywa vya watu wanaosema Kiswahili, na uamuzi hurudi kwao kwa Kiswahili. Taarifa ya Kiingereza ni daraja la katikati tu. Pande zote mbili za maji ni Kiswahili.

Yaweza kudaiwa pia kwamba maneno mediani na modi yameshaingia, basi yatosha. Ni kweli kwamba yanafaa vitabuni na hakuna sababu ya kuyafukuza. Lakini istilahi ya kitabuni haimsaidii mwanamke anayeanika dagaa anapoelezwa kwa nini amenyimwa mkopo. Inahitajika tafsiri ya mdomoni: mgawo sawa, kiasi cha katikati, kiasi cha kila mara. Maneno haya si mageni kwa mtu yeyote aliyewahi kugawana samaki.

Mfano mwema upo. Kwa muda mrefu wananchi walisikia kwamba mfumuko wa bei umepungua, wakauliza mbona bei sokoni hazijashuka. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilizoea kuambatisha maelezo katika taarifa zake kwamba kinachopungua ni kasi ya kupanda kwa bei. Sentensi hiyo moja haikubadili hesabu hata chembe, bali iliondoa kutoelewana kati ya ofisi na soko.

6.0 Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, vyombo vinavyosanifu istilahi, hususan BAKITA na TATAKI, vishirikiane na watakwimu kuyapambanua matumizi ya neno wastani na kuyasambaza hadi katika mafunzo ya wafanyakazi wa benki, halmashauri na viwanda. Pili, hojaji za Kiswahili ziache kuuliza wastani. Ziulize siku ya kawaida, siku njema, siku mbaya na idadi ya siku za kazi. Wastani aukokotoe mchambuzi mwenyewe, kwani hiyo ndiyo kazi anayolipwa. Tatu, kila mchoro utaje kwa maneno kitu kilichopimwa, kipimo chake, kipindi chake na mipaka yake, kabla ya kumwomba msomaji aamini nguzo na mistari.

Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji mashine mpya. Linalohitajika ni mazoea ya kujiuliza, kila neno wastani linapoandikwa, ni wastani wa nani. Mvuvi mwenye mtumbwi wa 40,000 hataiona kompyuta iliyomfanya mtu wa 100,000. Ataliona deni.