Kompyuta Nyepesi Yatosha, Dola 600 Zibaki Dukani

Mfanyabiashara anayetafuta kompyuta mpakato ya Apple hukutana na bei mbili zinazompa kazi ya kupiga hesabu. MacBook Air ya inchi 13 yenye chipu ya M4, iliyotoka Machi 2025, ilianzia dola 999 huko Marekani. MacBook Pro ya inchi 14, yenye chipu ya jina hilo hilo na iliyotangazwa Oktoba 2024, ilianzia dola 1,599. Tofauti ni dola 600, kabla ya usafiri, kodi na faida ya muuzaji wa Nairobi au Dar es Salaam. Kodi na faida zikipigwa kwa asilimia, pengo huzidi kupanuka.

Kwa mwenye duka dogo, dola 600 ni bidhaa zinazoweza kuzungushwa mara kadhaa kwa mwaka. Kompyuta haizungushwi, thamani yake huanza kushuka siku boksi linapofunguliwa. Oktoba 2025 Apple ilitangaza Pro nyingine ya inchi 14, yenye chipu ya M5, kwa dola zile zile 1,599. Aliyenunua ya M4 mwaka mmoja kabla akabaki na toleo la zamani.

Hata hivyo, si haki kudai kwamba dola hizo 600 hulipia jina tu. Air ya bei ya chini ilikuja na gigabaiti 256 za kuhifadhia kazi, Pro ikaja na 512, na kuagiza Air yenye 512 kuliongeza dola 200. Pengo halisi basi ni dola 400. Fedha hizo hununua kioo bora zaidi, tundu la HDMI, tundu la kadi ya kamera, betri inayodumu zaidi, na feni.

Feni ndiyo kiini cha hoja. Air haina; ikibanwa na kazi nzito kwa muda mrefu hupunguza mwendo ili isipate joto kupita kiasi. Mpiga video za harusi anayehariri usiku kucha ataliona hilo, na wateja wake wanaosubiri wataliona pia. Anayetunza hesabu za duka, kuandika ankara na barua za benki, hataliona. Atakachohisi ni uzito begani: kilo 1.24 za Air dhidi ya 1.55 za Pro.

Wapo wauzaji wanaomshawishi mteja kwamba ya ghali "itakaa zaidi". Memori ya zote mbili ilianzia gigabaiti 16, na zote mbili haiongezwi baada ya kununua. Hoja hiyo ni nyepesi kuliko Air yenyewe. Mwenye kuishi kwa video anunue Pro, mradi oda za kuilipia ziwe zimeshaandikwa daftarini, si za kutarajiwa msimu ujao.