MWENYE KUTOA MKATABA ASILALE



Kila mtu wa mgodi anajua habari ya mkataba. Kampani kubwa inapata mlima, kisha inakata kazi vipande vipande: kipande hiki inapatia kampani ndogo ya kuchimba, kile ya kubeba udongo, kile ya kulinda mlango. Siku mshahara unapochelewa, au jiwe linapoanguka juu ya mtu, mfanyakazi anakwenda ofisini kwa kampani ndogo. Wanamwambia: nenda kwa kampani kubwa. Akifika huko wanamwambia: wewe si mtu wetu, jina lako halimo katika kitabu chetu. Wakati wa kazi mtu huyu ana mabwana wawili. Wakati wa taabu hana hata mmoja.

Leo tunataka kusema juu ya mji mmoja uliokata shule zake vipande namna hiyo, ukazitoa kwa mikataba. Mji huo ni New Orleans, katika jimbo la Louisiana, nchi ya Marekani. Hakuna mji mkubwa mwingine wa nchi ile uliokwenda mbali kama huo katika jambo hili. Tena habari hii inatugusa sisi wa Kongo, kwani nasi tuna shule zetu za mkataba tangu wakati wa baba zetu.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kule Marekani shule ya mkataba ni shule ya watu wote. Mzazi halipi ada, na feza zinatoka katika kodi. Lakini haiongozwi na Serikali wala na mji. Inaongozwa na komite ya watu binafsi, waliopewa karatasi yenye miaka iliyohesabiwa. Karatasi ile inasema: ninyi mtaajiri walimu mnaowataka, mtachagua vitabu, mtapanga saa za kazi, nasi tutawapima kwa matunda. Mkishindwa, mkataba unakatwa. Sheria ya kwanza ya namna hii ilitoka katika jimbo la Minnesota mwaka wa 1991. Tena wandugu wa sendika wajue hili: mwaka wa 1988 Albert Shanker, mkubwa wa sendika ya walimu, alisimama mbele ya watu kulisifu wazo hilo. Alitaka walimu wenyewe wapate nafasi ya kujaribu njia mpya za kufundisha. Miaka michache baadaye aliligeuka, alipoona wenye biashara wameanza kuingia mlangoni.

Sasa tuje New Orleans. Tusiseme uwongo: kabla ya mwaka wa 2005 shule za mji ule zilikuwa katika hali mbaya. Watoto walikuwa karibu 65,000, wengi wao weusi na maskini. Nyumba zilikuwa zinaoza, hesabu hazikujulikana, na wapelelezi wa Serikali kuu walikuwa wakichunguza wizi katika ofisi za baraza la shule. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya watoto wale ilipotea hivyo, na baraza lililoipoteza lilichaguliwa na watu wenyewe.

Tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka wa 2005 tufani ya Katrina ilipiga, kuta za kuzuia maji zikavunjika, na sehemu kubwa ya mji ikazama. Watu walikuwa bado wametawanyika mbali na nyumba zao wakati wakubwa wa jimbo walipotunga sheria, mwezi wa 11 mwaka uleule. Sheria hiyo iliondoa zaidi ya shule 100 katika mikono ya baraza la mji na kuziweka chini ya ofisi ya jimbo. Wafanyakazi zaidi ya 7,000 wa shule waliondoshwa kazini: walimu, wapishi, madereva, makarani. Mkataba wa sendika ya walimu ulipokwisha mwaka wa 2006, haukuandikwa tena. Walimu walikwenda mbele ya hakimu, wakashindana miaka mingi, na mwaka wa 2014 mahakama kuu ya Louisiana ikawakatalia. Kabla ya tufani, walimu weusi walikuwa 71 katika kila 100. Kufika mwaka wa 2014 hawakufika hata nusu.

Ofisi ile ya jimbo ilitoa shule zake moja baada ya nyingine kwa mikataba. Mwaka wa 2014 ikafunga zile za mwisho ilizokuwa ikiongoza yenyewe.

Je, watoto walipata faida? Ndiyo, walipata, na mtu wa haki hawezi kulificha. Watafiti wa chuo kikuu cha Tulane, mjini palepale, walipima miaka mingi. Waliona alama za mitihani zimepanda na wanaomaliza shule wameongezeka. Waliona pia kwamba sehemu kubwa ya faida hiyo ilitoka katika kunyang'anya mikataba ya shule mbovu na kuipatia komite nyingine. Kwa hiyo usimamizi ndio uliozaa matunda zaidi. Lakini watafiti walewale walifungua pia daftari la feza. Wakilinganisha na miji mingine ya jimbo iliyofanana na huo, waliona matumizi kwa kila mtoto yamepanda kwa asilimia 13. Feza za ofisi na wakubwa zilipanda kwa asilimia 66, na feza za kufundisha zikashuka kwa asilimia 10. Anayejua mgodi haulizi maana yake: makapita waliongezeka, wapiga sururu wakapungua.

Sasa angalieni jambo lililo kubwa kuliko yote. Mwanzoni, ofisi iliyotoa mikataba ilidhani kazi yake imekwisha siku ya kutia sahihi. Kila shule ikawa na mlango wake na sheria zake. Hii inaandikisha watoto kwa karatasi yake, ile kwa karatasi nyingine. Hii inamfukuza mtoto kwa kosa ambalo jirani yake angelisamehe. Wazazi wa watoto wenye ulemavu walizunguka mji mzima, na kila mlango waliambiwa wajaribu mwingine. Mwaka wa 2010 wazazi hao walishitaki. Mwaka wa 2012 ndipo ilipowekwa karatasi moja ya kuandikisha watoto, na baada yake ofisi moja ya kusikiliza kila kesi ya kufukuza mtoto. Mwaka wa 2015 ndipo shauri la walemavu lilipomalizika kwa mapatano mbele ya hakimu, na watu wa nje wakawekwa kuangalia kama yanashikwa. Hesabuni miaka wenyewe. Mtoto aliyekuwa na miaka 7 wakati wa tufani alikuwa amefika 17 mapatano yale yalipotiwa sahihi.

Mwaka wa 2016 sheria nyingine ilisema shule zirudi kwa baraza la mji, lenye watu 7 waliochaguliwa kwa kura, na mwaka wa 2018 zikarudi. Lakini zilirudi na kamba shingoni. Baraza lina ruhusa ya kutoa mkataba, kupima, na kukata. Katika mshahara wa walimu, vitabu, saa za kazi, kuajiri na kufukuza, baraza haliingii. Mkubwa wa ofisi ya shule ndiye anayependekeza mkataba gani ufe na gani uishi, na wajumbe hawawezi kumpinga wasipofika theluthi mbili. Kwa kazi hii yote ya kuangalia, ofisi inabakiza asilimia 2 tu ya feza za shule.

Matokeo yalionekana mwaka uliofuata. Mwezi wa 5 mwaka wa 2019 vijana wa shule ya sekondari ya John F. Kennedy walivaa kanzu na kofia, wazazi wakapiga makofi, wakaitwa mmoja mmoja jukwaani. Baada ya sherehe ilijulikana kwamba karibu nusu yao hawakuwa na haki ya kumaliza. Wengine walikosa masomo yanayotakiwa, wengine mitihani. Madaftari ya shule hayakushikwa sawasawa, na tayari kabla ya sherehe mfanyakazi mmoja alikuwa amesema kwamba alama zimebadilishwa. Vijana waliokuwa na nafasi katika chuo kikuu walirudishwa darasani wakati wa joto. Komite iliyoongoza shule ile ikarudisha mikataba yake. Kisha ndipo ofisi ya mji ilipotangaza kwamba itakagua madaftari ya wanafunzi katika shule zote za sekondari.

Kisha! Neno hili linatuuma. Mtu wa shimoni anajua tofauti kati ya kapita anayepiga nguzo kila asubuhi kusikia kama zimeoza, na mkubwa anayekuja na karatasi ya kufunga shimo baada ya watu kufukiwa. Wote wawili wanaitwa wasimamizi, lakini ni mmoja tu aliyesimamia. Mji wa New Orleans ulipewa shoka la kukata mikataba, ukanyimwa taa ya kuingia nayo ndani. Shoka linahitajika, hatukatai. Lakini kila mara shule inapofungwa, mzazi ndiye anayetafuta nyingine, na mtoto ndiye anayeamka kabla ya jua kungojea basi la kumpeleka upande mwingine wa mji.

Mwezi wa 8 mwaka wa 2024 baraza lilifungua shule moja linayoiongoza lenyewe, likaipa jina la Leah Chase, mama mpishi wa mji ule ambaye hoteli yake ililisha wapigania haki za weusi. Ni shule moja tu, lakini inaonyesha kwamba mji umekumbuka kuwa nao una mikono. Na ili tusidhani kwamba mwangalizi hakosei, mwaka uleule wa 2024 ofisi ya shule yenyewe ilikosa hesabu ya kodi, shule zikaambiwa katikati ya masomo kwamba feza zilizoahidiwa hazitafika zote. Daftari la mwangalizi nalo linataka macho.

Wandugu, msiseme hayo ni ya ng'ambo. Zamani za Wabelgiji Serikali ilitoa feza na misioni zikafundisha. Katika kambi za Union Minière, kampani ilijenga na mapadri wakaongoza. Mwaka wa 1974 Serikali ya Mobutu ilitwaa shule zote. Mwaka wa 1977 ikazirudishia dini kwa mkataba ulioandikwa tarehe 26 mwezi wa 2. Mkataba huo ndio msingi wa shule zetu nyingi mpaka leo: Serikali inatoa mshahara, programu na mainspekta, dini zinaongoza. Na sisi tuliona yaliyotokea mshahara ulipokufa katika miaka ya 1990. Serikali ilinyamaza, wenye kuongoza wakatugeukia sisi, na mzazi ndiye aliyemlipa mwalimu kwa feza za mfukoni. Mwaka wa 2019 masomo ya msingi yalitangazwa kuwa bure. Hata hivyo, mama anayedaiwa makaratasi haya na yale mlangoni mwa shule bado anauliza: nimlalamikie nani? Akienda kwa wenye dini, wanamwonyesha Serikali. Akienda Serikalini, wanamwonyesha wenye dini. Ni safari ileile ya mfanyakazi wa kampani ndogo.

Hatusemi mikataba ipasuliwe yote. Misioni zimefundisha wengi wetu, na kule New Orleans kuna komite zilizofanya kazi nzuri kushinda baraza la zamani. Tunasema kwamba anayetoa shule kwa mkataba hajaiuza, na hajatua mzigo wake. Kwa hiyo tudai mambo haya, kila mtaa na kila kambi:

La kwanza, daftari la feza la kila shule lisomwe mbele ya komite ya wazazi, nalo la ofisi inayoangalia lisomwe vilevile.

La pili, kila shule iandike mlangoni jina la ofisi moja ambayo mzazi atailalamikia, na ofisi hiyo isiruhusiwe kumtuma kwa mwingine.

La tatu, mwangalizi aingie darasani na ahesabu alama kabla ya siku ya diploma, si baada ya makofi.

La ine, mwalimu anayefichua udanganyifu asipoteze mkate wake. Pasipo sendika mwalimu ananyamaza, na mwalimu akinyamaza mwangalizi ni kipofu.

La tano, shule isifungwe kabla ya wazazi kuonyeshwa watoto wao watakwenda wapi.

Baba na mama, mkutano wa wazazi ukiitwa, msiwaache wachache waende kupiga makofi na kutia sahihi. Nendeni, ulizeni daftari liko wapi, na msitoke kabla halijafunguliwa. Mkataba mbaya unaweza kuandikwa upya mwaka ujao. Mwaka wa mtoto ukipotea, hakuna ofisi itakayeurudisha.