Sinema ya Subira

Wako walioingia kuitazama The Constant Gardener, sinema ya mwaka 2005, wakitazamia risasi na magari kufukuzana, wakatoka wakinung'unika kuwa wamepunjwa. Mimi sioni hivyo.

Kisa ni cha Justin, afisa wa ubalozi wa Uingereza mjini Nairobi, ambaye mkewe Tessa anauawa karibu na Ziwa Turkana. Akifuatia nyayo za marehemu, agundua kampuni inayojaribia dawa ya kifua kikuu kwa maskini. Ndipo amjuapo mkewe barabara. Penzi linalokomaa baada ya mauti litakwendaje mbio?

Lawama yangu ni nyingine. Picha za ziwa zilipigwa Loiyangalani, ufuo wa mashariki, lakini wenyeji hawakupewa ila kupita nyuma ya Wazungu. Nendeni Lodwar, kisha Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992. Huko mtu hungoja miaka kwa ajili ya karatasi moja. Hahitaji kuambiwa kuwa dhulma nyingi hutiwa sahihi ofisini, kimya kimya.

Basi wazazi, tuwazoeze vijana wetu wa pwani sinema za namna hii. Aliyezoea ngumi tu hatamtambua dhalimu mwenye kalamu.