Mgeni Mwenye Nyumba, Asiye na Uwanja

Juma hili nataka tuzungumze habari ya mgeni anayefika jua likizama. Labda utasema, habari hiyo twaijua tangu utoto. Kweli, twaijua. Lakini mgeni wa siku hizi haji kwa miguu na mkoba begani. Huja na gari, na pengine gari lenyewe ndilo nyumba yake.

Kiangazi kilichopita nilikuwa kwa shemeji yangu, katika kijiji kimoja magharibi ya Igunga, upande wa kwenda Nzega. Yapata saa kumi na mbili na nusu jioni, gari kubwa jeupe liliacha barabara ya lami likaja polepole mpaka chini ya mkwaju karibu na shule. Lilikuwa na madirisha yenye mapazia kama nyumba. Watoto wakalizunguka mara moja. Wakashuka Wazungu wawili, mume na mke, watu wazima wenye mvi.

Nikasikia mama mmoja nyuma yangu akinong'ona: "Gari gani hili lenye mapazia? Hao si mumiani?" Mwingine akawaita watoto wake ndani. Kijana mmoja akaokota jiwe. Hakulitupa, lakini alilishika.

Ndugu zangu, tusicheke. Hofu ya mumiani ni ya zamani sana katika nchi zetu. Wakati wa ukoloni watu wengi walikimbia magari ya serikali wakidhani yamekuja kunyonya damu. Na hofu hiyo haijafa. Mwezi wa Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka Arusha pamoja na dereva wao waliuawa na wanakijiji, na gari lao likachomwa moto. Walikuwa wamekuja kwa kazi ya udongo. Uvumi ulisema ni wanyonya damu. Watu watatu wasio na kosa walikufa, na wanakijiji wengi wakakamatwa. Basi jiwe mkononi mwa kijana si jambo dogo.

Jioni ile alikuwapo mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa utingo wa lori. Alimwambia kijana, "Weka jiwe hilo chini, mwanangu." Kisha akawaendea wageni. Yule mama Mzungu alijua Kiswahili kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mmepotea?"

"Hapana. Tunatafuta pahali pa kulala. Nyumba tunayo, uwanja hatuna."

Wakaeleza, mwalimu akisaidia kufasiri. Walikuwa wametoka Dodoma alfajiri, wakateremka mlima Sekenke, wakavuka mbuga ya Wembere. Walipofika mjini walitafuta nyumba ya wageni yenye ua, lakini lango lilikuwa fupi na gari lao refu. Pahali pa pili walikataliwa. Wakaona jua linazama, wakaendelea mbele kwa wasiwasi. Ndani ya gari mlikuwa na kitanda, jiko la gesi na pipa la maji. Walihitaji kitu kimoja tu: kipande cha ardhi ambapo hakuna atakayewagongea usiku.

Mzee akawapeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akatazama hati zao za kusafiria, akaandika majina na namba ya gari katika daftari, akawapa uwanja mbele ya ofisi ya kijiji. Akawaita vijana wawili wa sungusungu walinde mpaka asubuhi. Kisha akawaambia watu kwa sauti kubwa hao ni nani, wametoka wapi, na wataondoka lini. Uvumi ukaisha papo hapo, kwa kuwa uvumi hula giza, na mwenyekiti alikuwa amewasha taa.

Usiku nilimwuliza yule mzee kwa nini alifanya haraka vile. Akanijibu: "Mwaka mmoja tulikuwa tumebeba pamba, dereva na mimi na mwenzangu mmoja. Tukafika kijiji fulani, mbali na huku, dereva amechoka sana. Tukaomba kulala. Wakatufukuza, wakasema sisi ni wezi wa ng'ombe. Dereva akasema, basi, twende tu. Mbele kidogo akasinzia. Lori likapinduka. Mwenzangu alikufa pale pale. Wale watu hawakumwua kwa mkono wao, lakini mimi sijasahau lile neno lao, 'Ondokeni.'"

Wasomaji, neno hilo la mzee ndilo lililonifanya niandike leo.

Sisi watu wa Tabora, habari ya kambi tumeirithi. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita kusini ya Igunga, lakini wapagazi walikuwa babu zetu Wanyamwezi na Wasukuma. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani yapata kilo 32. Kutoka pwani mpaka Tabora ilikuwa safari ya miezi mitatu, na mara nyingi zaidi. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Tabora tarehe 7 Novemba.

Je, watu hao walipataje pa kulala kila siku, msafara mzima wenye mamia ya watu? Walikuwa na taratibu zao. Waliondoka kabla jua halijachomoza, wakapiga kambi jua lisijawa kali sana, ili wapate saa za kutafuta maji, kuni na chakula. Kirangozi, mtu wa mbele, alijua visima viko wapi. Walizungushia kambi boma la miiba. Walikuta vibanda vilivyoachwa na msafara uliotangulia, nao wakawaachia watakaofuata. Na walipofika katika nchi ya mtemi hawakujificha. Walipeleka hongo, nguo au shanga, ndipo wakaruhusiwa kupita na kuchota maji. Neno hongo leo limekuwa neno baya, maana ni rushwa ya sirini. Zamani zile ilikuwa ada iliyotolewa mbele ya watu wote.

Pahali walipopaogopa ni nyika ya Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, kwa kuwa maji yalikuwa machache na vijiji hakuna. Wakifika Tura, vijiji vya kwanza vya Unyamwezi, walifurahi mno. Hata Mapadre Weupe wa kwanza walipita njia hiyo mwaka 1878, wakilala kambini na kulipa hongo kama wengine. Mwenzao Padre Pascal alifia njiani Ugogo mwezi wa Agosti, kabla ya kuiona Tabora.

Leo njia imehama. Barabara ya lami kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Singida yapita Igunga na Nzega, kisha yagawanyika kwenda Mwanza, na kwenda Rwanda na Burundi. Malori yapita mchana na usiku. Tangu miaka ya 1990 mabasi yalikatazwa kusafiri usiku kucha, nayo yalilazimika kulala njiani. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena safari za usiku. Lakini dereva ni mtu, na usingizi hauombi ruhusa. Kila usiku wako watu barabarani wanaotafuta pahali pa kusimama. Wengine husimama kando ya lami bila taa, na gari lijalo nyuma huwagonga. Wengine huogopa wezi wa mafuta na mizigo, wakaendelea mbele macho mazito.

Basi nasema kwanza na msafiri, awe wa lori, wa gari dogo, au wa nyumba ya magurudumu.

Tafuta pa kulala saa kumi jioni, si saa moja usiku. Jua likiwapo waona mti mkavu utakaoanguka, wamwona mwenye uwanja, naye akuona uso. Usiingie shamba la mtu au uwanja wa shule kimya kimya. Uliza mwenyekiti au mtendaji, au piga hodi misioni. Wakati wa mvua usilaze gari kwenye udongo mweusi wa mbuga. Jioni ni mgumu kama jiwe, na mvua ya usiku mmoja yatosha kuzamisha magurudumu mpaka ekseli. Tafuta mwinuko wenye changarawe. Geuza gari litazame njia ya kutokea. Usimwage maji machafu karibu na kisima, wala usiwashe moto penye nyasi kavu. Maji uliyochota yalipie, maana katika kiangazi cha Igunga mama ameyafuata mbali. Na kama ni hifadhi ya wanyama, usilale popote utakapo. Lala kambi iliyoruhusiwa.

Sasa nasema nasi wenye nyumba.

Kwanza, mgeni wa usiku apelekwe kwa mwenyekiti, si kuzungukwa na umati. Aandikwe daftarini. Mwenye nia mbaya hapendi kuandikwa, na mwenye nia njema hupata usingizi.

Pili, kijiji kiwe na uwanja uliojulikana kwa kazi hiyo, mbele ya ofisi au penye walinzi. Sungusungu walianza huku kwetu, Usukumani na Unyamwezini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kuzuia wizi wa ng'ombe. Kulinda gari la mgeni si kazi ngeni kwao. Ikiwa kijiji kinatoza ada, iwe ada moja kwa wote, ijulikane, na risiti itolewe.

Tatu, wazazi, sikilizeni. Magari yakilala kijijini, karanga, mayai na uji vitauzika, na hiyo ni baraka. Lakini muuzaji awe mama mtu mzima, na biashara ifungwe mapema. Msimtume binti na sinia la karanga kwenye malori saa tatu usiku. Ukimwi ulitembea sana katika njia za malori za Afrika Mashariki, na makaburi yake tunayo. Kumpa mgeni uwanja si kumpa mtoto wako.

Nne, msimwambie mtu "Ondoka" gizani. Kama hamwezi kumlaza, mpeni kijana amwonyeshe pahali pa karibu, au mwacheni asubiri kuche mahali peupe.

Asubuhi ile nilitoka mapema kuwaona wale wageni. Mzee utingo alikuwa amekwisha kufika, amekaa juu ya kigogo. Yule mama alifungua mlango, akamwona.

"Mwangaluka," mzee akamwamkia.

Mama hakulijua neno, akacheka, akajaribu kulirudisha. Mumewe akatoa chai katika bilauri ya bati, wakanywa wote watatu, maneno machache tu. Wakalipa ada ya uwanja na ya walinzi, wakapewa risiti. Yule kijana wa jiwe ndiye aliyesimama barabarani kutazama kama lori linakuja, akawapungia mkono wapite.

Nilimwuliza mzee kama amefurahi. Akasema, "Wamelala. Na dereva amelala. Yatosha."